Barafu ya mwisho wa msimu: Nene machoni, dhaifu miguuni

KATIKATI ya Machi, mgeni anayefika kwa mara ya kwanza Baudette, mji mdogo wa kaskazini kabisa mwa jimbo la Minnesota, Marekani, hawezi kujua kwamba msimu unakwisha. Ziwa bado ni jeupe hadi upeo wa macho. Pikapu zinapita juu yake zikiwa na taa, kama ziko barabarani. Vibanda vya wavuvi, vingine vikubwa kama chumba cha kupanga, vimesimama juu ya maji yaliyoganda, na moshi mwembamba unatoka kwenye mabomba yake.

Wenyeji, hata hivyo, wameshaanza kuhesabu siku. Sheria ya jimbo inataka vibanda vyote visivyohamishwa kila siku viwe vimetoka kwenye maji haya ya mpakani ifikapo mwisho wa Machi. Uvuvi wenyewe unaendelea hadi Aprili. Hizo wiki chache kati ya kuondoka kwa vibanda na kuondoka kwa barafu ndizo zinazopendwa sana na wavuvi, na ndizo zinazohitaji mzazi awe macho kuliko wakati mwingine wowote.

Ziwa lenyewe linaitwa Lake of the Woods. Sehemu yake ni ya Minnesota, nyingine ni ya majimbo ya Ontario na Manitoba nchini Kanada. Ukubwa wake ni takribani kilomita za mraba 4,350, zaidi ya mara mbili ya kisiwa cha Unguja, na ndani yake mna visiwa zaidi ya 14,000. Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hili, walikuwa wakitoboa barafu na kuvua kwa mkuki muda mrefu kabla mpaka wa nchi mbili haujachorwa.

Kwa familia nyingi za Afrika Mashariki, Minnesota si jina geni. Brooklyn Park na vitongoji vingine vya jiji la Minneapolis vina Wakenya wengi, na jimbo limepokea pia familia kutoka Somalia na Kongo. Watoto wao wanasoma na wenzao ambao wikendi ya baridi kwao maana yake ni kwenda ziwani. Siku moja mtoto anarudi nyumbani na ombi: "Baba, na sisi twende." Mzazi aliyekulia Kisii au Bukavu, anayejua uvuvi wa mtumbwi na nyavu, anajikuta anatakiwa kujibu swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kumfundisha: barafu hii inabeba?

Ziwa linapokuwa barabara

Kutoka Minneapolis hadi Baudette ni mwendo wa saa 5 hivi kwa gari. Wenye hoteli za ukingoni hufyeka theluji na kufungua njia juu ya ziwa, wakaweka alama pembeni na kutoza ada kwa anayepita. Barafu inapopasuka, nao huweka madaraja ya kuhamishika juu ya ufa. Mapema mwaka 2021, mpaka wa Kanada ulipokuwa umefungwa kwa sababu ya korona, wakazi wa Northwest Angle, kipande cha Minnesota ambacho kwa nchi kavu hufikiwa kwa kupitia Kanada tu, walijitengenezea barabara ya barafu ya zaidi ya kilomita 30 juu ya ziwa ili wageni wawafikie bila kuvuka mpaka.

Uvuvi wenyewe hauna fumbo. Mvuvi anatoboa tundu kwa keekee kubwa, anashusha mshipi wenye ndoana na chambo cha samaki wadogo mfano wa dagaa, anakaa kwenye ndoo au kiti na kusubiri. Anayetafutwa zaidi ni wolai, samaki mwenye macho yanayong'aa gizani kama ya paka, na nyama nyeupe isiyo na harufu kali. Kwenye ghuba kubwa ya upande wa Minnesota maji yana kina cha mita 9 hadi 11, basi mshipi haushuki mbali.

Mwisho wa msimu una mchezo wake. Samaki mkubwa aitwaye paiki, mwenye meno makali na mwili mrefu kama mkuki, huanza kusogea kwenye ghuba za kina kifupi na midomo ya mito, kwa kuwa huzaliana mara tu barafu inapoondoka. Wavuvi humtegea kwa kifaa chenye kibendera: samaki akivuta, kibendera kinaruka juu. Kwa mtoto wa miaka 8, kukimbilia kibendera kilichoruka mita 20 mbele ni furaha isiyo na mfano. Hali ya hewa nayo inasaidia. Januari usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri ni jambo la kawaida huku. Machi mchana unaweza kupanda juu ya sifuri, mtu akafungua zipu ya koti. Wakazi walio chini ya miaka 16 hawahitaji leseni.

Hayo yote ndiyo yanayowavuta wazazi. Hapo pia ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu joto lile lile linalomfurahisha mtoto ndilo linalokula barafu chini ya miguu yake.

Jua la Machi linafanya nini

Idara ya Maliasili ya Minnesota hutoa vipimo vinavyojulikana na kila mvuvi. Barafu mpya na angavu yenye unene wa sentimeta 10 inatosha kwa mtu anayetembea. Pikipiki ya theluji inahitaji sentimeta 13 hadi 18. Gari dogo linahitaji kama 25, na pikapu ya wastani 33. Barafu nyeupe, iliyochanganyika na theluji, hubeba nusu tu ya uzito, kwa hiyo unene unatakiwa uwe mara mbili. Idara hiyo hiyo huongeza kila mara kwamba hakuna barafu iliyo salama kwa asilimia 100.

Kosa la wageni ni kuvichukua vipimo hivyo vya Desemba na kuvitumia Machi. Mgeni anatoboa tundu, anakuta barafu ya nusu mita na zaidi, anacheka na kuwaita watoto. Lakini vipimo hivyo ni vya barafu mpya. Barafu ya mwisho wa msimu ni kitu kingine, hata kama rula inaonyesha namba kubwa.

Sababu ni hii. Maji ya ziwa yanapoganda hutengeneza fuwele zilizosimama wima, zimebanana kama vijiti vya kiberiti ndani ya kisanduku. Katikati ya baridi vijiti hivyo vimeshikana sawasawa. Desemba huku mchana una saa 8 na kidogo tu, na jua liko chini. Mwishoni mwa Machi mchana unafika saa 12, sawa na Nairobi au Dar es Salaam, na katikati ya Aprili unapita 13. Theluji iliyokuwa ikiifunika barafu kama blanketi inayeyuka, mwanga unapenya, na sehemu za kwanza kulainika ni zile viungo kati ya kijiti na kijiti. Barafu inabaki na unene wake, lakini gundi imetoka. Kipande cha aina hiyo kikipigwa teke husambaratika kuwa vijiti virefu vinavyolia kama vioo.

Kwa sababu hiyo wavuvi wazoefu hawaridhiki na kutoboa mara moja. Hutembea na mtaimbo, wakiipiga barafu mbele yao hatua kwa hatua na kusikiliza mlio. Hupima upya kila baada ya mita 45 hivi. Hutazama rangi: ya buluu na angavu ina nguvu; ya kijivu iliyolowa maji ni ya kukimbiwa. Huangalia pia matundu ya zamani. Theluji ikiyeyuka, maji ya juu hutafuta pa kushukia, huzunguka kwenye tundu na kulipanua, na tundu lililokuwa na upana wa sahani linaweza kugeuka kuwa shimo la kummeza mtoto.

Saa nayo ina maana. Usiku ukiwa na baridi kali, asubuhi barafu inakuwa ngumu. Kufikia alasiri njia iliyowabeba wakati wa kwenda inaweza isiwabebe wakati wa kurudi. Familia inayotoka ukingoni saa 1 asubuhi na kupanga kurudi kabla ya saa 6 mchana inalichukulia ziwa kwa adabu yake.

Ukingo hutangulia kuondoka

Barafu haianzi kufa katikati ya ziwa. Huanza ukingoni, ambako udongo na mawe hupata joto haraka, kwenye nguzo za gati, kwenye mapito membamba kati ya visiwa na kwenye midomo ya mito. Mto Rainy, unaomwaga maji yake ziwani karibu na Baudette, hufunguka mapema, kiasi kwamba mwishoni mwa Machi huenda wengine wakawa wanavua kwa boti mtoni huku wenzao wakiwa juu ya barafu kilomita chache mbele.

Matokeo yake ni picha inayoshangaza: katikati ya ziwa pana barafu ya kubeba gari, lakini kati ya barafu hiyo na nchi kavu pana mkanda wa maji. Wengine huweka ubao na kuvuka. Ubao huo ni swali la pili ambalo mzazi anapaswa kujiuliza: kama asubuhi tumehitaji ubao kuingia, jioni tutahitaji nini kutoka?

Upepo hukamilisha kazi. Februari 7, 2009, kwenye Ziwa Erie upande wa Ohio, wavuvi walivuka ufa kwa kutumia mbao, wakaendelea na uvuvi wao. Joto lilikuwa limepanda, upepo ukavuma kutoka nchi kavu, na bamba zima la barafu likaanza safari na watu juu yake. Watu zaidi ya 100 waliokolewa kwa helikopta na boti. Mmoja alifariki. Unene wa barafu haukuwa na msaada kwa aliyekuwa juu ya bamba lililokwishaachana na ukingo.

Zaidi ya hayo, kalenda ya zamani haiaminiki tena. Kwa wastani, maziwa ya Minnesota yamepoteza siku 10 hadi 14 za barafu katika kipindi cha miaka 50. Majira ya baridi ya 2023 hadi 2024 yalikuwa na joto kiasi kwamba maziwa mengi ya jimbo yalifunguka wiki kadhaa mapema. Jirani anayesema "sisi kila mwaka huwa tunakwenda tarehe hii" anasema kweli kuhusu miaka iliyopita.

Dakika 1, dakika 10, saa 1

Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, ambaye kwa ajili ya utafiti amejitumbukiza mwenyewe mara nyingi kwenye maji ya baridi kali, ndiye aliyeeneza kanuni rahisi ya namba tatu: 1, 10, 1.

Dakika 1 ya kwanza ni ya pumzi. Mwili ukiguswa na maji hayo hushtuka, mtu anahema bila kujizuia, na akiwa na kichwa chini ya maji anayavuta mapafuni. Kazi pekee ya dakika hiyo ni kubaki juu na kutuliza pumzi. Dakika 10 zinazofuata ni za misuli: vidole na mikono bado vinatii, halafu vinaanza kugoma. Saa 1 ni muda wa kukadiria kabla mtu mzima hajapoteza fahamu kwa mwili kupoa. Wengi hudhani baridi huua papo hapo, wakakata tamaa wakati muda wa kujiokoa bado upo. Mwili wa mtoto, kwa kuwa ni mdogo, hupoteza joto haraka kuliko wa mkubwa.

Aliyezama hugeukia upande alikotoka, kwa kuwa huko ndiko barafu ilikombeba. Anaweka mikono juu ya barafu, anapiga miguu kama anayeogelea hadi mwili ulale, anajivuta. Akitoka hasimami, anabingirika hadi mahali pagumu. Vishikizo viwili vyenye misumari, vinavyovaliwa shingoni kwa kamba, humpa mahali pa kushika pale ambapo mikono mitupu inateleza. Bei yake ni ndogo, na kila mtu wa familia anapaswa kuwa na vyake. Jaketi la uokoaji huvaliwa pia na anayetembea juu ya barafu, wakubwa kwa wadogo, ila halivaliwi ndani ya gari lililofungwa, kwani gari likizama jaketi humzuia mtu kupenya dirishani. Ndani ya gari linalopita juu ya barafu, mikanda hufunguliwa na madirisha hushushwa.

Anayeona mwenzake amezama hamkimbilii. Anapiga simu 911, anampigia kelele za kumtia moyo, anamrushia kamba au kumsogezea ngazi huku yeye mwenyewe amelala kifudifudi. Mzazi anayekimbilia shimo lililommeza mtoto huishia kuwa mtu wa pili wa kuokolewa.

Jiko lile lile, kibanda kingine

Kuna hatari ambayo mzazi wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa sana. Kila msimu wa baridi, kuanzia Limuru hadi Njombe, husikika habari ya watu waliolala na jiko la mkaa chumbani na hawakuamka. Gesi ni ile ile, kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kwenye ziwa hutokana na hita ya gesi au jenereta karibu na kibanda au hema lisilopitisha hewa. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu, na kwa mtoto aliyechoka hufanana na usingizi. Tundu la hewa juu na chini ya kibanda, pamoja na king'ora kidogo cha betri cha kugundua gesi hiyo, ni vya lazima.

Jua la Machi lina hila nyingine: linarudishwa na theluji na kuunguza macho kutoka chini, hata kwa mwenye ngozi nyeusi. Miwani ya jua kwa watoto si pambo. Soksi na fulana za pamba zikilowa hushika maji na kunyonya joto. Sufu ni bora, na jozi ya ziada ikae kwenye gari.

Samaki akifika mezani

Sheria za ziwa hili zinasaidia afya bila kukusudia. Wolai wa kati ya sentimeta 49.5 na 71 hurudishwa majini, kwa kuwa ndio wazazi wa kizazi kijacho. Paiki wa kati ya sentimeta 76 na 102 naye hurudishwa.

Kwa upande wa jikoni, zebaki hujilimbikiza kwenye samaki wanaokula samaki wenzao, na kadiri samaki alivyo mkubwa ndivyo inavyozidi. Mwongozo wa Idara ya Afya ya Minnesota kwa watoto walio chini ya miaka 15 na wanawake wenye mimba au wanaotarajia kuipata ni kwamba wolai wasiofika sentimeta 50 na paiki wasiofika 76 waliwe mara moja kwa mwezi, na wakubwa zaidi ya hapo wasiliwe kabisa. Samaki mkubwa wa kupigiwa picha anafaa zaidi akirudi majini.

Kurudi mikono mitupu

Kinachowaponza watu mwisho wa msimu mara nyingi si kutojua. Gari limetembea saa 5. Hoteli imelipwa. Watoto wameahidiwa tangu Krismasi, na mmoja ameshalivaa koti lake jipya. Ukingoni pana mkanda wa maji wenye upana wa hatua mbili, na jirani ameshavuka na anapunga mkono.

Hapo ndipo tahadhari kabla ya hatari inapoacha kuwa maneno ya bango. Wanaolifahamu ziwa huamua kabla ya kuondoka nyumbani. Hupiga simu kwa mwenye hoteli asubuhi hiyo hiyo na kuuliza maswali matatu: ukingo ukoje, usiku uliopita ulikuwa na baridi kiasi gani, upepo unatoka wapi. Na huwaambia watoto mapema, wakiwa bado mezani: "Tukifika tukakuta maji ukingoni, tutakula mihogo yetu ya kukaanga kwenye gari na kurudi." Mtoto aliyeambiwa hivyo atanuna kidogo, lakini hatashangaa. Na siku atakapokuwa na miaka 19, na marafiki zake, na gari la kuazima, atakuwa amewahi kumwona mtu mzima akifika ukingoni, akatazama, akageuka.

Kwa kawaida barafu ya Lake of the Woods huondoka mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katikati ya Mei msimu wa wolai hufunguliwa tena, safari hii kwa boti, na wolai walioponea barafu bado wamo humo humo chini.